Je, Wajua? Fulana ya Ndani, Upepo na Baridi ya Pikipiki

Je, wajua kwamba mwendesha pikipiki anayekatiza baridi kali huzalisha joto la mwili lisilozidi sana la mtu aliyekaa sebuleni? Mwili uliotulia hutoa takriban wati 100 za joto, sawa na balbu moja ya zamani. Anayepanda mlima kwa miguu, au anayeteleza kwenye theluji kwa mbao, hutoa mara kadhaa ya hizo kwa sababu misuli yake mikubwa iko kazini. Mwendesha pikipiki amekaa, na kazi inafanywa na injini. Ndiyo maana nguo ya ndani aliyoshonewa mkimbiaji, yenye sifa ya kutoa joto la ziada upesi, haimsaidii sana. Yeye hana joto la ziada. Hilo dogo alilonalo lazima alitunze mpaka afike aendako.

Na linatunzwa na nini? Si na kitambaa chenyewe. Linatunzwa na hewa iliyotulia ndani ya kitambaa na kati ya kitambaa na ngozi. Hewa isiyosogea hupitisha joto kidogo mno, ilhali maji hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ukishalijua hilo umewajua maadui wawili wa mwendesha pikipiki: upepo, unaoifagia hewa hiyo, na unyevu, unaochukua nafasi yake. Karibu kila jambo la ajabu utakalosoma hapa linatokana na mmoja wa hao wawili.

Je, wajua kwamba kipimo cha baridi ya upepo kilianzia Antaktika, kwenye kichupa cha maji? Mwaka 1941, katika kambi ya Little America, Wamarekani Paul Siple na Charles Passel waliweka nje chombo kidogo cha plastiki chenye maji, wakapima muda ambao maji hayo yalichukua kuganda kulingana na nguvu ya upepo. Siple alikuwa mwenyeji wa bara hilo: mara ya kwanza alifika akiwa skauti kijana, katika msafara wa Richard Byrd ulioanza 1928. Kanuni inayotumiwa leo Kanada na Marekani ilipitishwa mwaka 2001, na safari hii haikutegemea kichupa. Watu wa kujitolea walitembea kwenye mashine ya mazoezi ndani ya chumba cha baridi wakipulizwa upepo, huku vipimo vilivyobandikwa usoni vikihesabu joto lililowatoka.

Kanuni hiyo ina jambo moja ambalo kila mwenye pikipiki angepaswa kulijua. Hewa ikiwa nyuzijoto 0, upepo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi tupu ihisi kama iko kwenye nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Kwa kilomita 40 inakuwa 7 chini ya sifuri. Kwa kilomita 80 inafika takriban 10 chini ya sifuri. Tazama hapo: nusu ya madhara yamekwisha kufanyika kabla hata hujafika kilomita 20. Anayesema kwamba yeye huzunguka mjini tu, kwa mwendo mdogo, na kwa hiyo hahitaji kinga ya upepo, hesabu inamkataa. Kupunguza mwendo kutoka 80 hadi 40 kunampa afueni ya nyuzijoto mbili na ushei tu.

Hesabu hiyo haihusu nchi za baridi kali peke yake. Asubuhi ya Julai katika nyanda za juu za Limuru au Njombe, hewa inaweza kuwa nyuzijoto 10 au chini ya hapo, na kwenye uwanda wa Kitulo umande huganda ukawa jalidi. Kwenye nyuzijoto 10, bodaboda anayekwenda kilomita 60 kwa saa anapata usoni baridi ya nyuzijoto 5. Anafanya hivyo kutwa, akisimama na kuondoka, pengine akiwa na sweta moja la kufuma ambalo upepo unalipenya kila tundu.

Lakini bodaboda huyohuyo ana akili ambayo wahandisi wa mavazi wangeipongeza. Umemwona amevaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma? Wageni hudhani ni mtindo. Zipu ndiyo mlango wa upepo: meno yake hayazibi, na pale kifuani ndipo upepo unapogonga kwa nguvu zote. Akiligeuza, kifua kinapata kitambaa kizima kisicho na mwanya, na zipu inahamia mgongoni ambako upepo haufiki. Viwanda vya jaketi za pikipiki hulitatua tatizo hilohilo kwa kushona kipande kirefu cha kitambaa nyuma ya zipu. Yeye amelitatua bila kununua kitu.

Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France nao wana mbinu yao ya zamani. Wakifika kileleni mwa mlima wakiwa wamelowa jasho, walikuwa wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji na kuyasokomeza kifuani, chini ya fulana, kabla ya kuteremka kwa kasi. Gazeti huzuia upepo na hushika hewa kati ya kurasa zake. Hadi leo, aliyekamatwa na baridi barabarani anaweza kuokolewa na gazeti la jana.

Je, wajua kwamba uchafu uliwahi kumfundisha rubani siri ya joto? Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia marubani waliruka katika ndege zisizofunikwa, kifua wazi kwenye upepo, hali inayofanana kabisa na ya pikipiki. Sidney Cotton, Mwaustralia aliyelitumikia jeshi la anga la wanamaji wa Uingereza, alikuwa akitengeneza ndege yake pale ilipotolewa amri ya kupaa ghafla, akaruka na ovaroli yake ya kazi iliyojaa grisi na oili. Waliporudi, wenzake walikuwa wameganda kwa baridi na yeye hakusikia kitu. Cotton alitambua kwamba mafuta yalikuwa yameziba vitundu vya kitambaa, upepo ukakosa pa kupita. Kutokana na hilo alibuni mwaka 1917 vazi lililoitwa Sidcot, la matabaka matatu: manyoya mepesi ndani, hariri isiyopitisha hewa katikati, kitambaa kigumu nje. Marubani walilitumia kwa miongo kadhaa, na mpangilio wake wa matabaka bado ndio msingi wa mavazi ya baridi.

Wanaotaka kuona kanuni hizi zikitiwa kwenye mtihani waende Ujerumani mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Huko Thurmansbang, katika Msitu wa Bavaria, hukutana maelfu ya waendesha pikipiki katika bonde la theluji, hulala kwenye mahema juu ya nyasi kavu, huwasha moto na kupika nje. Mkutano huo huitwa Elefantentreffen, yaani mkutano wa tembo. Ulianzishwa mwaka 1956 karibu na Stuttgart na mwandishi Ernst Leverkus, aliyewaalika wenzake waliomiliki pikipiki ya Zündapp KS 601, chuma kizito cha kijani kilichopewa jina la utani Tembo wa Kijani. Tangu 1989 unafanyika huko Bavaria. Wengi huja na pikipiki zenye kigari cha pembeni, maana magurudumu matatu hayatelezi na kuanguka upesi kwenye barafu. Na wanaokwenda mara kwa mara hawavai jaketi moja nene. Wao hupanga matabaka, wakianza na lile linalogusa ngozi.

Tabaka hilo la kwanza ndilo linalostahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa watu wengi huwekeza kwenye jaketi na kuvaa chini yake fulana yoyote iliyokuwa juu kabatini. Kwa kawaida fulana hiyo ni ya pamba. Pamba ni rafiki wa joto la Mombasa na Dar es Salaam, nami siisemi vibaya huko kwao. Kwenye baridi mambo hugeuka. Nyuzi za pamba hunywa maji, hulegea, hulala kwenye ngozi na kuifukuza hewa iliyokuwa imetulia. Na jasho halikosekani hata kwa mtu aliyekaa: unavaa matabaka manne ndani ya nyumba yenye joto, unafunga viatu, unatafuta funguo, unaisukuma pikipiki kuitoa uani. Dakika tano zimetosha kukulowesha mgongo. Unapofika barabara kuu, kile kijasho kinaanza kukuibia joto, na kitaendelea kukuibia safari nzima.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Vaa tabaka la nje mwisho kabisa, ukiwa mlangoni, baada ya pikipiki kuwa tayari na injini inanguruma.

Dawa ya pili ni kitambaa. Poliesta hunywa maji kidogo mno: katika hewa ya kawaida hubeba unyevu usiofikia asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba hubeba takriban asilimia 8 na sufu takriban 16. Kwa hiyo jasho hupita juu ya nyuzi za poliesta, likatandazwa na kukauka upesi. Ni nyepesi, ngumu, bei yake ni nafuu. Kasoro yake ni harufu, inayong'ang'ania kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa, na nyingine kubwa zaidi nitakayoifikia.

Sufu ni kiumbe kingine. Unyoya wa kondoo hunywa mvuke wa jasho hadi kufikia kama theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi unyevu, kwa sababu mvuke huingia ndani ya unyoya na sehemu yake ya nje inabaki inafukuza matone. La kustaajabisha zaidi, unapokuwa unanywa mvuke huo unyoya hutoa joto. Si joto la kudumu, wala halitachukua nafasi ya jaketi, lakini linakuja wakati hasa linapohitajika: pale unapotoka kwenye nyumba kavu na kuingia kwenye ukungu. Na fulana ya sufu inaweza kuvaliwa siku kadhaa bila kunuka kama ya poliesta.

Mbona basi watu huikimbia sufu? Kwa sababu ya kuwasha, na sababu ya kuwasha inapimika. Unyoya mnene wa zaidi ya mikroni 30 hivi una ncha ngumu inayochoma ngozi badala ya kujipinda. Unyoya wa kondoo wa merino unaotumiwa kwa nguo za ndani huwa chini ya mikroni 20, wakati unywele wa binadamu mara nyingi ni mikroni 50 na zaidi. Ncha nyembamba namna hiyo hulala tu, ngozi isijue.

Kondoo huyo ana historia Afrika. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand hadi Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao walikufa. Malisho ya eneo hilo yalikuja kujulikana kwamba yamepungukiwa na madini ambayo mifugo inayahitaji. Lesotho, kwa upande wake, imefanikiwa: nchi hiyo ya milima yenye theluji ya Juni na Julai huuza nje sufu ya merino, na wachungaji wake huwa juu ya farasi wamejifunika mablanketi ya sufu kukinga upepo. Mchungaji juu ya farasi na kijana juu ya pikipiki wana shida moja.

Sasa ile kasoro ya poliesta. Je, wajua kwamba mwaka 2006 kikosi cha Marine cha Marekani kiliwakataza askari wake huko Iraq kuvaa fulana za ndani za poliesta na nailoni wanapotoka kambini? Moto wa mlipuko uliziyeyusha zikagandamana na ngozi, na madaktari walipata kazi ngumu kuzibandua. Poliesta huyeyuka kwenye takriban nyuzijoto 250. Polipropilini, ambayo nayo hutumika kwa nguo za ndani, kwenye takriban 160 tu. Sufu haiyeyuki, huungua ikawa majivu na mara nyingi hujizima. Mwendesha pikipiki hapigani vita, lakini akianguka na kuserereka juu ya lami, msuguano huzalisha joto kali. Akiwa amevaa jaketi na suruali imara juu yake, fulana ya poliesta haitakuwa tatizo kubwa. Mwenye jaketi jepesi, mimi ningemshauri bila kusita achague sufu au hariri iguse ngozi yake.

Hariri, tukiwa tumeitaja, ni nyembamba kuliko zote na huteleza chini ya nguo nyingine. Glavu za hariri ndani ya glavu za ngozi ni msaada mkubwa kwa nafasi ndogo.

Je, wajua kwamba moja ya fulana zenye joto zaidi imejaa matundu? Mwaka 1933 afisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alijishonea fulana kutokana na nyavu za kuvulia samaki. Mvuvi wa Pemba angecheka kusikia wavu unaleta joto, lakini Brun alikuwa sahihi: kila jicho la wavu ni kijumba cha hewa iliyotulia, alimradi juu yake pawepo nguo ya kuifunga hewa hiyo isitoke. Jasho nalo hupata njia. Msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953 ulivaa fulana za wavu, na kampuni ya Brynje ya Norway inazitengeneza hadi leo. Vua nguo ya juu, wavu unakuwa si kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa flisi, kile kitambaa chenye manyoyamanyoya kilichoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1979: ni hodari kabisa chini ya koti lisilopitisha upepo, na juu ya pikipiki bila koti hilo kinapitisha upepo kama vile hukuvaa.

Usibanwe. Tabaka la kwanza liguse ngozi pasipo kuiminya, kwa sababu nguo inayominya hupunguza hewa na kupunguza damu. Anayevaa soksi mbili nene ndani ya kiatu kilichomtosha sawasawa kwa soksi moja hupata miguu ya baridi zaidi, si pungufu. Angalia pia urefu wa mgongo: ukiinamia usukani, fulana fupi hupanda na kuacha kiuno wazi. Na upapase mishono ya suruali ya ndani sehemu ya makalio na nyuma ya magoti. Mshono uliotuna ambao huuhisi dukani utakuwa jeraha baada ya saa tatu kwenye siti.

Je, wajua kwamba vidole vikiganda, kosa linaweza kuwa la kifua? Mwili ukihisi kwamba kiwiliwili kinapoa hufunga mishipa midogo ya damu mikononi na miguuni ili kuulinda moyo na ubongo. Watafiti wameonyesha kwamba kiwiliwili kikipashwa joto vya kutosha, damu hurudi kwenye vidole hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Kwa hiyo mwenye glavu nzuri na fulana mbovu ataendelea kulalamikia glavu zake bure. Jambo hili ni zito: ngozi ya kidole ikishuka chini ya nyuzijoto 15 hivi, wepesi wa kidole hupungua sana, na kidole hicho ndicho kinachovuta breki.

Kuna imani kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na hupoteza joto kwa kadiri hiyo. Shingo ndiyo ya kuangaliwa, maana upepo huingia pale kati ya helmeti na kola ukateremka hadi tumboni. Skafu nyembamba ya sufu hufunga mlango huo.

Na ile haja ndogo ya mara kwa mara safarini wakati wa baridi? Hukunywa chai nyingi. Mishipa ya mikono na miguu inapojifunga, damu hurundikana katikati ya mwili, nazo figo hudhani kuna maji ya ziada na kuyatoa. Ukijikuta unasimama kila mara, mwili unakueleza kwamba umepungukiwa na tabaka.

Kwa wanunuzi wa masoko ya Karume na Gikomba, mitumba ya Ulaya huleta nguo hizi kwa bei ya sweta la kawaida, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na nguo za kulalia kwa kuwa wauzaji hawazitambui. Soma lebo. Ikiandikwa Wolle au laine, ni sufu. Baumwolle au coton ni pamba. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome nyumbani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe na jivu lake hupondeka mkononi. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu jeusi. Pamba huwaka haraka ikanuka karatasi. Ukiipata ya sufu, ifue kwa maji ya baridi na sabuni laini bila kuifikicha, kwani unyoya una magamba madogo ambayo yakisuguliwa kwenye maji ya moto hushikana na nguo ikasinyaa moja kwa moja. Usiikamue kwa kuinyonga. Ilaze juu ya taulo kivulini mpaka ikauke, na ukiihifadhi msimu wa joto ifunge kwenye mfuko, kwa sababu nondo huipenda.